Gari ya zamani imelala miaka mingi, naiamshaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeulizwa haya maswali mpaka nimechoka kurudia, kwa hiyo nayaweka hapa yote kwa pamoja. Mimi sio fundi wa cheti, ni mtu tu anayependa vyuma vya zamani, nimeshaamsha gari kadhaa zilizolala miaka mitano, kumi, moja ilikuwa na miaka ishirini na mbili haijasogea, na moja niliiua kwa mikono yangu mwenyewe, stori yake inakuja sasa hivi. Majibu mengine ni marefu mengine mstari mmoja, maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Aliyeniuzia anasema ilipakiwa ikiwa nzima kabisa, inatembea. Si naweka tu betri napiga stata?

Sijawahi kukutana na gari iliyolala ambayo mwenyewe hakusema hivyo. Na mara nyingi wala hadanganyi, ilipakiwa nzima kweli, ila hiyo ilikuwa miaka kumi iliyopita na huko kusimama ndo kumeiharibu. Oili yote imeshuka chini kwenye sampu, kuta za silinda zimebaki kavu, ringi zimeanza kushikana na kutu, petroli imegeuka ulimbo, panya wamehamia kwenye filta ya hewa. Stata haijui hayo, yenyewe ina nguvu na itazungusha tu, cha kuvunjika kivunjike.

Ile niliyoiua ilikuwa hivi: niliweka betri, nikapiga, jaribio la tatu ikawaka, tena na petroli ileile ya zamani iliyokuwemo kwenye tenki. Nikaiacha iungurume kama robo saa, nikapiga video, nikaenda kulala na furaha zangu. Asubuhi napiga stata nasikia tok tok kavu na injini haishiki. Kumbe petroli iliyooza ikiungua inaacha ulimbo kwenye miguu ya vali, injini ikiwa ya moto ule ulimbo unalainika na vali zinacheza vizuri tu, ikipoa unaganda kama gundi. Sasa asubuhi kamshafti inasukuma, vali imegoma, kinachopinda ni pushirodi, zile fimbo zinazosukuma vali. Nilikuta nne zimepinda. Ikabidi nishushe hedi, na kwenye kuishusha nikavunja boliti mbili ndani ya bloku, hapo ndo nikakata tamaa, gari ikaishia kuuzwa vipande vipande. Na kumwaga lile tenki ingenichukua kama saa moja hivi.

Sawa, basi naanzia wapi?

Anza na macho, pua na tochi, ufunguo mpe mtu akae nao. Fungua boneti, fungua buti, lala chini uangalie. Kuna dimbwi lolote chini ya gari? Waya zimetafunwa? Mipira imepasuka? Fungua mfuniko wa tenki unuse, petroli nzima unaijua harufu yake, iliyooza inanuka kama rangi ya mbao ya zamani, kitu kama vanishi chungu. Chomoa dipstiki: oili ikiwa na rangi ya maziwa maji yameingia, ikinuka petroli basi pampu ya mafuta au kabureta imekuwa ikivujisha ndani. Piga picha za kila kitu kabla hujagusa, hasa waya na mipira midogo midogo ya vakyum, manake wiki mbili baadaye hutakumbuka ule mmoja mwembamba ulikuwa unaenda wapi, na niamini utakuwepo.

Kitu kingine, usiamini jeki peke yake, weka stendi. Matofali hapana, yanapasuka ghafla bila kukupa taarifa.

Kuna mavi ya panya kila mahali. Nafagia tu?

Usifagie pakiwa pakavu na usipulize na kompresa. Mkojo na mavi ya panya vinaweza kubeba magonjwa, hantavirus ni mojawapo, na unayapata kwa kuvuta lile vumbi. Vaa glavu na barakoa, acha milango wazi muda kwanza, nyunyizia maji yenye dawa ya kuua vijidudu mpaka pawe chepechepe, subiri dakika kadhaa, ndo ukusanye na kitambaa. Afu angalia sehemu wanazopenda: boksi la filta ya hewa, juu ya injini katikati ya manifoldi, boksi la hita, chini ya viti, na ndani ya ekzosti. Kiota kwenye filta kikivutwa ndani ya kabureta ni tabu, na kiota juu ya manifoldi ya ekzosti ni moto unaosubiri kuwaka.

Waya zilizotafunwa usizifungefunge na tepu tu, unganisha upya vizuri. Na hakikisha una mtungi wa kuzimia moto kabla hujaunganisha betri, sisemi baadaye, nasema kabla.

Nitajuaje kama injini imejamu?

Toa plagi zote, weka gia nyutro, tafuta boksi spana inayoingia kwenye boliti ya puli ya mbele ya krankshafti, zungusha taratibu kwa mkono kufuata upande ambao injini huwa inazunguka. Ila kabla hujazungusha, mimina oili kidogo kwenye kila tundu la plagi, kijiko kimoja cha chai kinatosha, na iache ilale humo usiku mzima. Hiyo oili inashuka pembeni ya pistoni inalainisha ringi. Watu wanaona ni kupoteza muda, mimi naona ni usiku mmoja tu baada ya miaka kumi, una haraka gani.

Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama mahali, umebahatika. Ikizunguka ikafika mahali ikagonga kitu kigumu, acha, usilazimishe, rudisha nyuma kidogo, inaweza kuwa vali imeganda au kuna kitu kimeingia kwenye silinda. Hapa toa kava la vali uangalie kama zote zinapanda na kushuka huku mwenzako akizungusha. Inayobaki chini ndo yenye kesi. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye mguu wake, igonge polepole na kipande cha mbao au nyundo ya plastiki, rudia kesho.

Na kama injini yako inatumia mkanda wa taimingi badala ya cheni, badilisha mkanda kabla ya kuwasha hata kama unaonekana mpya. Mpira unazeeka kwa miaka na sio kwa kilomita tu, na kwenye injini nyingi ukikatika pistoni zinakutana na vali.

Imejamu kweli, haisogei hata kidogo. Ndo basi?

Bado. Nyingi zinafunguka ukiwa na subira. Dawa ambayo mafundi wengi wa gari za zamani wanaichanganya wenyewe ni oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, unatikisa kabla ya kumwaga manake hazikai pamoja. Jaza kwenye silinda, acha siku mbili tatu, jaribu na spana ndefu mbele na nyuma, mbele na nyuma, usitafute kuzungusha, tafuta ule mtikisiko mdogo wa kwanza. Ukishaupata umeshinda nusu. Ile yangu ya miaka ishirini na mbili ilichukua siku kumi na moja, siku ya tisa nilikuwa nimeshaanza kutafuta injini nyingine. Asetoni inashika moto kirahisi, kwa hiyo fanyia kazi nje na sigara kaa nayo mbali.

Usivute gari na gari nyingine ikiwa kwenye gia ili kufungua injini. Najua kuna watu wamefanya ikakubali. Kuna wengine wamepinda koneksheni rodi.

Ikikubali kuzunguka, pima kompresheni. Namba zenyewe zinategemea injini, gari nyingi za zamani utaziona zinacheza kati ya psi 100 na 150, ila cha muhimu ni silinda zisipishane sana. Moja ikiwa chini usilie bado, ringi zilizoshikana mara nyingi zinaachia gari ikishatembea kidogo.

Oili nabadilisha kabla au baada ya kuwasha?

Vyote viwili. Mwaga ya zamani, weka mpya na filta mpya, washa, tembeza kidogo, halafu mwaga tena mapema, labda baada ya kilomita mia chache, manake ile ya kwanza itasomba uchafu wote uliolala humo. Haina haja iwe oili ya kifahari. Ila kwa injini zenye tapeti bapa za kizamani angalia oili yenye zinki ya kutosha, oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki na fosforasi ili kulinda katalitiki (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosti), na kamshafti za zamani ziliitegemea ile zinki.

Kabla ya kuwasha pandisha presha ya oili kwanza. Plagi zikiwa nje na koili ikiwa imechomolewa, piga stata sekunde kumi, pumzisha dakika, piga tena, mpaka taa ya oili izime au mshale upande. Bila plagi injini haina kompresheni kwa hiyo haiumii na betri haichoki. Kwenye V8 kadhaa za Marekani, kama zile ndogo za Chevrolet, unaweza kutoa distribyuta ukazungusha pampu ya oili na drili moja kwa moja, hiyo ni raha, unaona oili inafika mpaka juu kwenye roka kabla injini haijazunguka hata mara moja.

Petroli ya zamani naweza kuichanganya na mpya ikaisha taratibu?

Rudi kasome stori ya pushirodi. Jibu ni hapana. Petroli inaanza kuchoka ndani ya miezi michache, na yenye ethanoli ni mbaya zaidi kwa sababu ethanoli inavuta maji kutoka hewani, yakizidi inajitenga na kuzama chini na maji yake, palepale pampu inapovutia. Mwaga yote. Na usimwage kwenye mtaro, weka kwenye madumu yanayofunga na upeleke wanapopokea mafuta machafu.

Mipira ya petroli badilisha yote, yote nasema, hata ule mfupi wa juu ya tenki usioonekana. Mipira ya kizamani haikutengenezwa kwa ethanoli, inalainika inatoa jasho la petroli, na juu yake kuna ekzosti. Hapa ndo gari nyingi zilizofufuliwa huwa zinaungua, na sio siku ya kwanza, ni wiki ya pili mwenyewe akiwa ameshajiamini.

Tenki lina kutu ndani. Nitupe?

Kama limetoboka tafuta lingine. Kama ni kutu ya juu juu, lishushe, weka changarawe au mnyororo mfupi ndani na maji yenye sabuni, ulitikise mpaka mikono ikatae, suuza, kausha haraka. Wengine wanatumia siki siku chache au njia ya umeme na soda, zote zinafanya kazi. Ila usije ukachomelea tenki, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu mvuke ndo unaolipuka. Kazi ya kuchomelea tenki ina watu wake.

Kwa siku ya kwanza wala huhitaji tenki. Mimi huwa natumia chupa ndogo ya petroli safi iliyofungwa imara mbali na injini, na mpira mpya na filta ndogo unayoona ndani. Ukiona uchafu kwenye filta unajua kabla kabureta haijajua.

Kabureta lazima niifungue?

Kama imelala zaidi ya mwaka na petroli ndani, ndiyo. Utakuta unga wa kijani au wa njano chini ya bakuli na jeti zimeziba. Safisha na dawa ya kabureta na hewa, usichokoe jeti na waya wa chuma, tundu likitanuka hata kidogo mchanganyiko unaharibika na utahangaika miezi hujui kwa nini. Badilisha gasketi, nidoli (sindano inayofungulia petroli kwenye bakuli) na sili zake, seti ya vipuri vya kukarabati inauzwa kwa kabureta nyingi. Angalia floti, kile kiboya cha ndani ya bakuli, haijaingia petroli ndani, itikise karibu na sikio.

Pampu ya petroli ya kimakanika ina kiwambo cha mpira ndani, kikipasuka kinamwaga petroli kwenye oili. Ndo maana nilisema nusa dipstiki.

Yangu sio kabureta, ni injekshen ya zamani.

Basi uvumilivu mara mbili. Mfumo kama Bosch K-Jetronic, uliofungwa kwenye Porsche 911, Volvo 240 na Mercedes kadhaa, una plunja ndani ya kigawa mafuta inayocheza kwenye nafasi nyembamba sana, ulimbo kidogo tu imekwama. Ukiwasha pampu na petroli iliyooza unasukuma huo ulimbo kwenye sehemu ghali kuliko zote za gari. Kwa hiyo tenki, filta na paipu kwanza, pampu baadaye.

Na dizeli?

Dizeli inakaa muda mrefu kidogo kuliko petroli ila inaota vijidudu, unaona utelezi mweusi kwenye filta. Safisha tenki, badilisha filta, toa hewa kwenye paipu mpaka kwenye pampu, angalia plagi za kupasha joto. Maji ni adui mkubwa wa pampu ya injekshen.

Betri ya zamani naweza kuichaji ikarudi?

Iliyokaa tupu miaka, sahau. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6, ikikaa chini ya 12 muda mrefu sahani zake zinaota salfeti na haishiki chaji tena. Nunua mpya au azima.

Ila ngoja kwanza kabla hujabusti! Hakikisha gari yako ni volti ngapi. Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni volti 6, na si hizo tu. Na hakikisha upande gani umefungwa kwenye bodi, manake gari nyingi za Uingereza za zamani zilifungwa chanya kwenye bodi badala ya hasi, MGB kwa mfano mpaka 1967. Umezoea gari za kisasa, unafunga hasi kwenye bodi bila kufikiri, unaunguza vitu. Na kama kuna mtu aliwahi kubadilisha mfumo huko nyuma kitabu hakitakwambia, kwa hiyo angalia waya zenyewe pia.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki.

Injini inataka moto, petroli na hewa, tena kwa wakati wake. Angalia moto kwanza: toa plagi, ifunge kwenye waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na mvuke wa petroli, mwenzako apige stata. Cheche nyeupe ya bluu inayolia ni nzuri, ya njano dhaifu au hakuna basi nenda kwenye distribyuta. Kwenye gari za pointi (vile vyuma viwili vidogo vinavyokata na kuunganisha umeme ndani ya distribyuta), tisa kati ya kumi nilizokutana nazo shida ilikuwa hapo: pointi zimeota ukungu mwembamba usioonekana hata na macho. Pitisha karatasi ngumu au faili laini katikati, zifute, pima nafasi, nyingi ni karibu milimita 0.4, ila fuata kitabu cha gari yako. Bado? Kondensa, kifuniko chenye ufa, rota, koili, kwa mpangilio huo.

Kama moto upo mwaga petroli kidogo sana kwenye kabureta, kijiko, ondoka na uso wako hapo juu, piga. Ikiwaka sekunde mbili ikazima, moto ni mzima na shida yako ni petroli haifiki.

Maji ya rejeta niyaache?

Usiyaache. Mwaga, suuza mpaka yatoke meupe, badilisha mipira na themostati, angalia tundu dogo chini ya pampu ya maji kama linavuja. Kwa siku ya kwanza weka maji matupu tu manake karibu lazima kitu kivuje, kulanti weka ukishajua hakuna uvujaji. Zile plagi za bati zinazoziba matundu ya maji kwenye bloku zikiwa zimeoza usizigonge kujaribu.

Siku ya kuwasha yenyewe inakuaje?

Gari iwe nje, au mlango wa gereji wazi kabisa, moshi wa ekzosti unaua bila harufu ya kukustua. Mtungi wa moto mkononi mwa mtu mwingine, sio kwenye buti. Magurudumu yamezuiliwa. Ikiwaka usiikanyage, macho yako yaende kwenye taa ya oili moja kwa moja, sekunde tano hivi haijazima basi zima injini. Presha ipo? Iache itulie kwa mwendo wa juu kidogo ya kawaida, zunguka gari yote ukitafuta petroli inayovuja, maji, oili. Dakika kumi na tano mpaka ishirini, mpaka themostati ifungue na mpira wa juu uwe moto. Zima. Acha ipoe. Angalia tena chini.

Usipige video wewe, mpe mtu mwingine apige. Wewe una kazi.

Inatoa moshi!

Itatoa. Ile oili uliyomwaga kwenye silinda lazima iungue, na kuta za ekzosti zina unyevu wa miaka. Moshi wa bluu wa dakika kumi za kwanza usikupe presha. Ukiendelea baada ya kutembea kilomita kadhaa ni ringi au sili za vali. Mweupe mzito usioisha na maji yanapungua, gasketi ya hedi. Mweusi, petroli imezidi, rudi kwenye kabureta.

Imewaka! Naweza kuzunguka nayo kidogo mtaani?

Hapa ndo ninapogombana na watu. Gari isiyowaka haijawahi kumgonga mtu. Gari inayowaka na haina breki ndo silaha. Kwa kweli mimi siku hizi naanza na breki kabla hata ya injini, manake nikishaiwasha najijua sitajizuia.

Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, yanavuta maji kutoka hewani. DOT 4 mpya inachemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 155, na mvuke kwenye paipu maana yake pedali inaenda mpaka chini. Lakini hilo ni dogo, kubwa ni kwamba yale maji yametafuna masta silinda na wili silinda kwa ndani miaka yote hiyo. Pedali inaweza kuwa ngumu nzuri tu gari ikiwa imesimama, afu breki ya kwanza ya nguvu sili inapita kwenye sehemu yenye kutu inachanika. Na gari nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina saketi moja tu ya breki, sehemu moja ikivuja magurudumu yote manne hayana kitu. Marekani walilazimisha saketi mbili kuanzia 1968, na sababu ndo hiyohiyo.

Kwa hiyo fungua kila gurudumu. Vuta mpira wa kuzuia vumbi kwenye wili silinda uangalie kama nyuma yake pamelowa. Badilisha mipira ya breki yote mitatu au minne, inavimba kwa ndani, nje inaonekana mizima, unakanyaga mafuta yanakwenda ila hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa. Paipu za chuma zenye kutu badilisha. Kiatu cha breki kikiwa kimeganda kwenye drami usivute kwa hasira, legeza ajasta, gonga drami pembeni kwa kuzunguka. Na vumbi lililoko mule usilipulize, viatu vya zamani vingi vina asbesto, lifute na kitambaa chenye maji.

Usichanganye DOT 5 ya silikoni na hizi nyingine. Na kama una Citroën ya haidroliki inayotumia LHM, mafuta yake maalumu ya kijani, ukiiwekea DOT 4 unaua sili zote za gari kuanzia breki mpaka saspensheni.

Handibreki nayo ijaribu, ndo msaada wako wa mwisho.

Klachi imegoma, nakanyaga na gia haziingii.

Sahani imeshikana na flaiwili kwa kutu. Pasha injini moto kwanza, zima, weka gia ya juu, kanyaga klachi mpaka mwisho ukaizuie na kipande cha mbao usiku mzima, mara nyingine inaachia yenyewe. Isipoachia, mahali pa wazi pasipo na watu, klachi imekanyagwa, endesha polepole ukiwa unakanyaga na kuachia gesi ghafla, ule mtikisiko unaichana. Hii unafanya breki zikiwa zimeshakamilika, unaona kwa nini mpangilio wangu uko hivyo.

Matairi yana kashata nzuri, hayajatumika hata.

Soma tarehe. Pembeni kuna herufi DOT na mwisho wake namba nne, 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikiwa namba tatu tu limetengenezwa kabla ya 2000, hilo ni la kuviringishia gari ndani ya gereji basi. Ikizidi miaka kumi badilisha, haijalishi kashata.

Baada ya wiki moja imeanza kuvuja oili kila kona.

Kawaida. Sili zilikauka zikasinyaa. Zipe muda, baadhi zinavimba zikirudi kwenye oili zinafunga zenyewe, subiri mwezi wa kuendesha kabla hujashusha gia boksi kwa ajili ya sili ya nyuma ya krankshafti. Uvujaji wa petroli au breki ndo hausubiri hata saa moja.

Ilitengenezwa enzi za petroli ya risasi. Itaharibika?

Petroli ya risasi haipo tena, Algeria ndo ilikuwa nchi ya mwisho kuiuzia magari, 2021. Ile risasi ilikuwa inalinda viti vya vali kwenye hedi za chuma laini. Kwa matembezi ya taratibu ya wikiendi utaendesha miaka bila shida, fuatilia tu nafasi ya tapeti, ikiwa inazidi kupungua kila ukipima basi viti vinaliwa, na siku hedi ikishuka weka viti vigumu. Hedi za alumini huwa tayari zina viti vigumu.

Nikiipaki tena, niwe naiwasha dakika tano kila wiki?

Afadhali usiiwashe kabisa. Dakika tano hazipashi injini wala ekzosti moto wa kutosha, unatengeneza maji na asidi ndani ya oili na unamaliza betri. Ama itoe ikatembee nusu saa kweli, ama ipumzishe vizuri: oili mpya kabla ya kulala, dawa ya kutunza petroli na tenki la chuma lijae hadi juu ili kusiwe na nafasi ya unyevu, chaja ndogo ya kutunza betri, upepo uzidi kidogo kwenye matairi, handibreki usiivute bali zuia magurudumu na mbao. Ziba ekzosti na kitambaa cha rangi kali panya wasiingie, na funga karatasi kwenye usukani kuandika umeziba, mimi niliwahi kusahau nikahangaika mchana mzima na gari isiyowaka.